Enaji tatu kwa zamu, Piriton mbili asubuhi: je, sifai kuwa muuguzi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili. Tangu tuanze zamu za usiku nakunywa enaji mbili, siku ngumu tatu. Nikirudi geto asubuhi usingizi hauji, basi nameza Piriton mbili. Miezi miwili iliyopita mtoto wa miezi minane alifariki mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mfuko wa kumpa hewa. Jioni ile wenzangu walininunulia bia, ya kwanza maishani mwangu. Sasa kila Ijumaa tunakunywa, na mimi ndiye ninayewakumbusha wengine kwamba leo Ijumaa. Nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Baba ameuza mahindi ya msimu mzima kunilipia ada. Nikimwambia mkufunzi naona ataniandika kwamba siwezi kazi. Na nimeanza kujiona sina moyo: juzi bibi mmoja alikuwa analia kwa maumivu, mimi nahesabu dakika zamu iishe. Je, naumwa akili, au sifai tu kuwa muuguzi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata hizo enaji. Simwoni humu mtu asiyefaa kuwa muuguzi. Namwona mwanafunzi aliyechoka kupita kiasi, aliyepotelewa na mgonjwa mikononi asipewe hata dakika tano za kukaa chini, na ambaye tangu siku hiyo anajitibu mwenyewe kwa vitu vilivyokuwa karibu. Kama kuna ugonjwa juu ya hayo, zipo dalili za kuujua, nitakueleza huko mbele.

Nimefundisha uuguzi wa afya ya akili zaidi ya miaka 20. Wanafunzi waliopita mikononi mwangu wamenifunza jambo moja: ukimwambia mtu "acha", ataacha wiki moja. Kila tabia ya namna hii ina kazi inayomfanyia mwenyewe. Enaji inakushikia macho yasifunge, Piriton inayafunga, bia inanyamazisha kitu ambacho hukitaki kukisikia. Usipoijua hiyo kazi na kutafuta kitu kingine cha kuifanya, tabia itarudi yenyewe au itamtuma ndugu yake.

Wewe umetaja tabia tatu. Mimi nimehesabu nne. Ya nne ni kule kuhesabu dakika bibi akilia, na hiyo ndiyo nitakayoikalia sana. Lakini tuanze na chupa.

Chukua chupa moja tupu ya enaji usome ubavuni. Nyingi zina kafeini takriban miligramu 30 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 400 ina miligramu 120, na tatu zinafika 360 kwa usiku mmoja. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo siku zako ngumu umesimama ukingoni, na hapo hatujahesabu chai.

Kafeini yenyewe haikupi nguvu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyokulemea. Kafeini inawahi viti vya adenosini na kuvikalia. Adenosini haijaenda popote, imesimama mlangoni inasubiri. Ndiyo maana enaji ikiisha nguvu unaanguka kama mzigo.

Sasa angalia saa. Najua enaji ya mwisho huwa mnaifungua saa ngapi, kwa sababu nimewaona: saa 10 alfajiri. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri joto la mwili hushuka kuliko wakati mwingine wowote na mwili mzima unadai kitanda, hata kama mchana ulilala. Unafungua chupa, unavuka. Ila kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu, na kwa dada anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hukaribia kuwa mara mbili. Ukijilaza geto saa 3 asubuhi, nusu ya chupa ile bado iko kazini. Kumbe Piriton unayomeza inapigana na enaji uliyoinywa mwenyewe, na uwanja wa vita ni mwili wako.

Kuna jambo lingine la enaji ambalo wanafunzi hawaambiwi. Ukiwa na miligramu 300 za kafeini mwilini, moyo unakwenda mbio na vidole vinatetemeka. Unashika mkono wa mgonjwa kutafuta mshipa wa kuweka kanula, vidole vinacheza, unakosa mara ya kwanza, unakosa mara ya pili, ndugu wa mgonjwa wanakutazama. Unaondoka pale ukijiambia wewe ni mwoga, huna mikono ya kazi. Nimekaa na wanafunzi kadhaa waliotaka kuacha chuo kwa sababu ya "woga" wa namna hiyo. Baadhi yao, tulipopunguza enaji, mikono ilitulia ndani ya wiki mbili.

Halafu kuna kukesha kwenyewe. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa jaribio lile lile. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa mtu ulikuwa umeshuka sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Baada ya saa 24, sawa na asilimia 0.10. Ulete hesabu hiyo kwenye maisha yako. Umeamka saa 12 asubuhi kuwahi kipindi, jioni ukaunganisha na zamu. Saa 17 zinatimia saa 5 usiku, na saa 24 zinatimia saa 12 asubuhi, wakati ule ule unapozunguka na troli ukigawa dawa za asubuhi. Chuo kinachompangia mwanafunzi kipindi cha mchana na zamu ya usiku siku moja kinafanya kosa. Wakufunzi wenzangu mnaosoma hapa, naomba mlitazame jambo hili kwenye ratiba zenu kabla ya kumlaumu mwanafunzi aliyekosea dozi.

Piriton nitaisemea kwa ufupi. Ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi kwa sababu inapenya ubongoni na kuzuia histamini, mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Mwili huizoea athari hiyo ndani ya siku chache, na hapo ndipo mbili zinapogeuka tatu, halafu nne. Unaamka mdomo mkavu, kichwa kama kimefungwa kitambaa, na dawa ya kuondoa uzito huo unaijua: enaji nyingine. Usiimeze kabisa siku uliyokunywa bia, maana vyote viwili vinausukuma ubongo chini kwa pamoja.

Ninachokiogopa zaidi ni hatua inayofuata. Wewe na mimi tunafanya kazi karibu na kabati la dawa. Mtu wa nje akikosa usingizi, diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, haipo mezani kwake, kwetu ipo. Mwanafunzi mmoja aliniambia alianza na kidonge kimoja "kilichobaki" baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Diazepamu hukaa mwilini pamoja na mabaki yake kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayemeza kila siku anajirundikia. Tramado, dawa ya maumivu makali, nayo huzoesha haraka, na inaweza kumletea degedege hata mtu asiyewahi kuwa na kifafa. Siku utakapojikuta unalitazama kabati la wodi kwa macho ya mteja, usilale kabla hujamwambia mtu. Siyo kesho yake.

Bia yako ilianza jioni aliyofariki yule mtoto, na wenzako walioinunua walikuwa na huruma, hawakujua namna nyingine ya kukufariji. Pombe inaleta usingizi upesi, hilo ni kweli. Lakini ini likishaanza kuimaliza, nusu ya pili ya usiku inakatikakatika, na ule usingizi wa ndoto, ambamo ubongo hushughulikia mambo mazito ya mchana, unapungua. Kwa hiyo unalala ukiwa na mtoto yule na unaamka ukiwa naye, hajasogea. Umeandika kwamba wewe ndiye unayewakumbusha wengine Ijumaa. Hakuna aliyekulazimisha kuiweka sentensi hiyo. Uliiandika kwa sababu imekushtua, na inastahili kukushtua.

Sasa bibi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali moja kubwa ya mafunzo jijini London ilimwita mtaalamu wa saikolojia, Isabel Menzies, kwa sababu mpango wake wa kuwafundisha wauguzi ulikuwa karibu kuvunjika. Takriban theluthi moja ya wanafunzi walikuwa wanaacha kabla ya kumaliza, wengi kwa hiari yao. Menzies alikaa, akatazama, akasikiliza. Aliona kazi imekatwakatwa vipande: huyu anapima joto la wodi nzima, yule anatandika vitanda vyote, hakuna anayekaa na mgonjwa mmoja muda wa kutosha kumjua. Wagonjwa hawakuitwa majina. Waliitwa "ini la kitanda namba 10". Mwanafunzi aliyeonyesha huzuni aliambiwa ajikaze. Maelezo yake ndiyo yaliyobaki hadi leo: desturi zote hizo zilikuwa ukuta wa kumkinga muuguzi dhidi ya hofu na uchungu wa kushika miili ya wanaoumwa na wanaokufa. Lakini ukuta ule ule ulizuia pia furaha ya kuona mtu amepona kwa mkono wako, na wauguzi walibaki na uchovu mtupu.

Binti yangu, si umesikia wodini kwako? "Kitanda namba 7 ameshabadilishiwa dripu?" "Ile nimonia ya dirishani imelipa?" Hakuna anayesema hivyo kwa ubaya. Ukuta ni ule ule.

Nitakusimulia wangu. Nilikuwa mwaka wa pili kama wewe, wodi ya wazazi. Mama mmoja alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, akafariki saa 8 usiku. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto wake ndani ya khanga, nimesimama pembeni ya mlango kwa sababu hakuna aliyeniambia nimpeleke wapi. Sista mkuu wa zamu aliponikuta nalia aliniambia, "Futa machozi, dawa za asubuhi zinakusubiri." Sikumchukia, wala simlaumu leo, maana naye aliambiwa hivyo hivyo siku yake. Nikafuta. Tangu usiku ule nikajifunza kutazama karatasi. Presha naandika, joto naandika, mapigo naandika, uso wa mtu siutazami. Nilisifiwa kwa wepesi. Miezi sita baadaye niko sokoni, mama muuza nyanya akanishika mkono: "Sista, umenisahau? Ulinihudumia siku tisa." Siku tisa nilimpima, nilimtandikia, nilimwogesha, na uso ule ulikuwa mgeni kabisa machoni pangu. Akaniongezea nyanya mbili juu ya fungu nililonunua. Nilifika bwenini nimezishika mkononi, nikakaa kitandani, nikamlilia yule mama aliyefariki, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo unaposema huna moyo, naelewa unachokiona. Moyo umefungwa mlango kwa sababu mara ya mwisho ulipokuwa wazi aliingia mtoto wa miezi minane. Mlango huo unafunguka. Nimeona ukifunguka kwa watu wengi, na haufunguki kwa kulaumiwa.

Tuje kwenye la kufanya. Tutaanza na usingizi, kwa sababu mtu asiyelala hawezi kufanya lolote kati ya mengine nitakayosema.

Enaji usiziache zote kwa usiku mmoja. Ukikata ghafla kichwa kitaanza kukuuma baada ya muda wa saa 12 hadi 24, na adha hiyo inaweza kuendelea hadi siku 9, nawe utarudi kwenye chupa kwa sababu ya kichwa tu. Ondoa chupa moja, kaa zamu mbili tatu, ondoa nyingine. Ya mwisho ibadilishe kwa chai ya rangi. Na uweke mpaka: baada ya saa 7 usiku hakuna kafeini ya aina yoyote. Siku ya kuanza zamu, lala mchana kwa muda wa saa moja na nusu hata kama ni usingizi wa kugeukageuka. Usiku, kula kabla ya saa 6, na kiwe chakula hasa, wali maharage au ndizi, halafu beba karanga na maji kwa ajili ya alfajiri. Soda na biskuti zitakuangusha saa 10 ile ile.

Kama mkubwa wa zamu anaruhusu na mpo wawili, pokezaneni kulala dakika 20. Marubani waliofanyiwa majaribio na shirika la anga la Marekani, NASA, walipewa nafasi ya dakika 40 na wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ulikuwa bora kuliko wa wenzao waliokaza macho. Lakini iwe kwa ruhusa na mwenzako awe macho. Kujifungia chumba cha nguo bila mtu kujua ni kuacha wodi.

Asubuhi geto lako liwe usiku. Tundika kitenge kizito dirishani, simu ibaki ndani ya begi, mlangoni bandika karatasi: "Nimetoka zamu ya usiku, nimelala." Wenzako watacheka siku mbili, ya tatu watazoea. Piriton ukiiacha huenda ukapata siku kadhaa mbaya. Zivumilie. Enaji zikipungua, sababu yenyewe ya kuimeza inakwisha.

Juu ya mtoto. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote, dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia walitoka pale wakiwa wazito, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Fanya hivyo. Usiandike jina la mtoto wala la mama yake, siri ya mgonjwa haiishi kwa kifo. Andika mikono yako ilikuwa wapi, taa ilikuwaje, nani alisema "basi, inatosha", ulifanya nini dakika iliyofuata. Uandike ukiwa umepumzika, siyo ukitoka zamu, na siku ya 4 ukitaka kuzichoma karatasi, zichome. Ikiwa kuandika kunakutetemesha na kukuharibia siku nzima, acha, hiyo ni kazi ya kufanya na mtu mwenye ujuzi akiwa karibu.

Na kwa kifo kitakachofuata, maana kitakuja, jifunze kusimama. Muuguzi mmoja wa dharura wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, Jonathan Bartels, alianzisha desturi rahisi: mgonjwa akifariki, yeyote aliyekuwepo anaomba wote wanyamaze kwa muda usiozidi dakika moja, kumheshimu mtu aliyekuwa amelala pale na kuheshimu jitihada zilizofanywa. Kila mtu anaomba au anawaza kwa imani yake. Kisha kazi inaendelea. Sisi kwetu tunajua kusimama kwa ajili ya maiti, tunalijua tangu utotoni, barabarani watu hupisha msafara wa msiba. Ni ndani ya wodi tu ndiko tunakopita haraka. Hata wenzako wasiponyamaza, wewe simama peke yako kando ya kitanda, hesabu pumzi zako kumi za polepole, ndipo uandae mwili.

Kisha tafuta sikio. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona mwaka 2006 kwamba wenye shida ni wengi na madaktari ni wa kuhesabu kwa vidole. Akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu. Wao huita hali hii kwa Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na nadhani Mswahili yeyote anaielewa bila mkalimani. Bibi hatoi mawaidha. Anamwacha mtu aeleze shida zake zote, halafu anamwomba achague moja ya kuanza nayo, na wanaitafutia hatua ndogo ya wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida.

Jaribu hivyo hivyo na rafiki mmoja unayemwamini, mchana, bila chupa mezani. Shida zako nimezihesabu: sapu, ada, usingizi, mtoto, mkufunzi, bia. Kuna zinazobadilika ukizishughulikia na kuna zisizobadilika, ambazo mtu anazibeba tu kwa kusaidiwa. Sapu inabadilika: dakika 40 za kusoma baada ya kuamka, siyo baada ya zamu, na somo moja kwa wakati. Ada inabadilika kidogo: mhasibu wa chuo anaweza kukubali malipo kwa awamu ukimfuata mapema kuliko akikufuata yeye. Mtoto habadiliki. Nimewaona wanafunzi wakikosea hapo, mtu anasoma usiku kucha ili kukimbia kifo, na anakunywa pombe ili kukimbia sapu, dawa ya hili anaiweka kwenye lile. Wapo pia wanaojificha kwenye mikeka ya kubeti wakitafuta ada kwa mechi za wikiendi, na wanaokopa zile pesa za kausha damu, zenye riba kali. Kwako sijayaona hayo, lakini ukianza kuyafikiria, ujue ni ndugu wa bia.

Niliahidi kusema lini ni ugonjwa. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, moyo uko chini au hakuna kinachokufurahisha, hata siku za mapumziko hulali au unalala bila kukoma, chakula hakipiti, na unajiona huna thamani, hiyo inatakiwa kupimwa na mtaalamu. Kama mtoto yule anakurudia ukiwa macho kana kwamba inatokea sasa, unakwepa pembe ile ya wodi, unashtuka mtungi wa oksijeni ukilia, nayo imezidi mwezi mmoja tangu kifo, nenda. Wewe umeshafika miezi miwili, kwa hiyo jiulize hilo kwa ukweli. Na likikujia wazo kwamba heri ufe, usingoje miadi: siku hiyo hiyo mshike mtu mkono mwende hospitali, na usibaki peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na zipo Mirembe pale Dodoma na Muhimbili. Ukiona aibu kukutana na watu wa wodini kwako, nenda kituo kingine. Hiyo ni haki ya mgonjwa yeyote.

Limebaki la mkufunzi. Unaogopa atakuandika. Kuja kusema "nimelemewa" si kosa la nidhamu. Kuingia wodini na pombe kichwani ni kosa, na kuchukua dawa ya mgonjwa ni kosa kubwa, nawe hujafika huko, ndiyo maana nakuomba uende sasa. Siwezi kukuapia kwamba kila mkufunzi ana masikio. Chagua yule aliyewahi kumjibu mwanafunzi taratibu mbele ya wengine, mfuate mchana ofisini kwake, siyo korido ya wodi. Huhitaji kumweleza yote. Mwambie hivi: "Mwalimu, tangu yule mtoto alipofariki nikiwa namshikia mfuko, silali vizuri, na nimeona zamu zangu zinaanza kuathirika. Naomba unisaidie mambo mawili: siku ya zamu ya usiku nisiwe na kipindi cha mchana, na unielekeze kwa mtu wa kuzungumza naye." Ukishasema, nyamaza. Mpe nafasi ajibu.